Wimbo Ulioandikiwa Watoto: Krismasi ya Walutheri Jijini Nairobi

Mhadhara wa Majilio



Nimeombwa nizungumze juu ya Krismasi kati yetu Walutheri: imani yake, nyimbo zake na desturi zake. Nina jambo moja la kusema. Desturi zetu kubwa za Krismasi, tukizifuata hadi chimbuko lake, zinatufikisha kwa watoto: watoto wa kufundishwa, watoto waliofiwa, watoto waliookolewa kutoka mitaani. Wimbo mkuu wa Krismasi wa Martin Luther uliandikwa kwa ajili yao. Taji la Majilio lilibuniwa kwa ajili yao. Basi Mlutheri wa Nairobi aliyerithi wimbo huo na taji hilo amerithi pia wajibu kwa mtoto wa Kawangware, wa Kangemi, na wa vichochoro vya katikati ya jiji. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitatoa ombi.

Tulivyofika hapa

Walutheri si wengi Kenya. Anayetembea katikati ya Nairobi atayaona kwanza makanisa yanayojulikana zaidi: Holy Family Basilica ya Wakatoliki, All Saints ya Waanglikana, St. Andrew's ya Wapresbiteri. Kanisa Kuu la Kilutheri, kando ya Uhuru Highway, limo katika ujirani huohuo, lakini wengi hulipita bila kujua ni la nani. Hata hivyo uchache wetu usitufanye tudhani kwamba sisi ni wageni wa juzi.

Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mlutheri kutoka Württemberg, ingawa alitumwa na CMS, chama cha Waanglikana. Mwaka uleule alimzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Mwaka 1846 alifuatwa na Johannes Rebmann, mwana wa Württemberg kama yeye, na wakafungua kituo Rabai. Mwaka 1886 Walutheri wa Bavaria, wa misheni ya Hersbruck, walianza kazi Jimba, nyuma ya Mombasa, na mwaka 1891 wakafika Ikutha, Ukambani. Miaka miwili baadaye kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig. Nairobi yenyewe haikuwepo. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mahali hapa palikuwa bwawa na nyika. Maana yake ni kwamba Krismasi ya Kilutheri iliadhimishwa Ukambani kabla jiji hili halijajengwa. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na vituo vyao vya Ukambani vikapita mikononi mwa Africa Inland Mission.

Ulutheri ulianza upya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka Sweden. Mwaka 1948 wamisionari wa Kiswidi walianza kazi Itierio, Kisii, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa kanisa tunaloliita ELCK. Waswidi hao walitoka katika nchi ambako sikukuu hufunguliwa kwa ibada ya alfajiri iitwayo Julotta, watu wakiamka gizani katikati ya baridi kali kwenda kanisani kuimba.

Njia ya pili ilitoka Tanzania. Enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, reli ya nchi zote tatu iliendeshwa kutoka Nairobi. Watanzania walikuja kufanya kazi hapa, wakiwemo Walutheri wa Kilimanjaro na Bukoba, na walikuja na vitabu vyao vya nyimbo. Kanisa la pili la Kilutheri nchini, KELC, lina mizizi katika jitihada za Watanzania hao. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Fikirini Krismasi za miaka ile kwa mtu aliyezoea kupanda basi kwenda Moshi kula sikukuu na wazazi wake. Mlimani hakuendeka kirahisi. Kilichobaki ni usharika, na nyimbo alizojifunza akiwa mtoto.

Kile tunachokiamini

Krismasi inaanza na habari ya serikali. Injili ya Luka inasema ilitoka amri ya kuhesabu watu, na familia moja isiyo na uwezo ikalazimika kusafiri mke akiwa na mimba pevu. Hapakuwa na nafasi ya kulala. Mtoto akalazwa mahali pa kulishia mifugo. Kisha malaika akawatokea wachungaji waliokuwa zamu ya usiku, akawaambia kwamba Mwokozi amezaliwa, na kwamba amezaliwa kwa ajili yao.

Luther alihubiri habari hiyo mwaka baada ya mwaka, na kila alipofika kwenye maneno ya malaika alisimama hapohapo: kwa ajili yenu. Kwake, mtu anaweza kukubali kwamba Yesu alizaliwa Bethlehemu, akajua na jina la mfalme aliyetawala, na bado asiwe na imani. Imani huanza pale anaposadiki kwamba mtoto huyu amezaliwa kwa ajili yake yeye, pamoja na dhambi zake, madeni yake na hofu zake. Mafundisho yetu yote juu ya neema yamekunjwa ndani ya tangazo hilo. Mtoto mchanga hana anachotudai. Hawezi kutuhukumu wala kututisha. Mungu ametujia katika hali ambayo hata mwoga anaweza kumsogelea.

Jambo la pili ambalo Luther hakuchoka kulisema ni jirani. Aliwaonya wasikilizaji wake wasijidanganye kwamba, kama wangekuwapo Bethlehemu, wangekimbia kumsaidia Mariamu na kumfulia mtoto nepi. Aliwaambia kwamba Kristo wanaye sasa, katika jirani aliye na shida. Wasipomhudumia huyo, wasingemhudumia yule. Onyo hilo lilitolewa Wittenberg karne tano zilizopita, na linafaa kusomwa leo kwenye mzunguko wa barabara pale Westlands.

Jambo la tatu ni kazi. Luka anasema wachungaji, baada ya kumwona mtoto, walirudi. Luther alilitilia mkazo neno hilo dogo. Hawakuambiwa waache mifugo waende kuishi utawani. Walirudi kwenye zamu yao wakimsifu Mungu, na zamu ile ikawa ibada. Hivi ndivyo tunavyofundisha juu ya wito: aliyeitwa na Mungu humtumikia katika kazi ile aliyonayo. Nairobi ina maelfu ya watu wa zamu ya usiku. Bawabu wa Lavington na Kileleshwa, muuguzi wa wodi ya wazazi pale Hospitali ya Kenyatta, dereva wa teksi anayengoja abiria Moi Avenue, wote hawa usiku wa mkesha wako kazini wakati sisi tuko kanisani. Tangazo la kwanza la Krismasi lilitolewa kwa watu wa aina yao, nje, saa za kazi. Kanisa linalowasahau halijaisikia habari yenyewe vizuri.

Wimbo

Mwaka 1524 ndio mwaka uliotufanya tuwe kanisa la kuimba. Ndani ya mwaka huo mmoja vilitoka vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri: kile kidogo chenye nyimbo nane, vile vya Erfurt, na kile cha kwaya kilichotengenezwa na Johann Walter. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya uimbaji wa ibada ilikuwa ya makasisi na wanakwaya, kwa Kilatini. Luther alitaka seremala na mama wa nyumbani waimbe wenyewe, kwa lugha yao, ili neno la Mungu likae midomoni mwao wakiwa kazini na nyumbani. Katika nyimbo zake za mwanzo zimo za Majilio na za Krismasi.

Wimbo wake mkuu wa Krismasi, Vom Himmel hoch, ulichapishwa Wittenberg mwaka 1535. Una beti 15, na ulikusudiwa watoto nyumbani wakati wa sikukuu. Mpangilio wake ni wa maigizo. Beti za mwanzo anaimba malaika, analeta habari. Kisha watoto wanaitana waende pamoja na wachungaji wakaone. Halafu kila mmoja anazungumza na mtoto aliye horini, anamkaribisha, anamshangaa, anamwomba akae moyoni mwake. Mwisho wote wanamtukuza Mungu. Sauti ya kwanza aliyoitumia ilikuwa ya wimbo wa mchezo uliokuwa ukiimbwa na vijana, ambamo mgeni hufika na habari. Mwaka 1539 ukapata sauti yake yenyewe, ambayo inaimbwa mpaka leo. Tazameni hekima ya mwalimu huyu. Alichukua mchezo ambao watoto waliujua, akaweka ndani yake fundisho zito kuliko yote, kwamba Mungu amekuwa mwanadamu, na mtoto wa miaka sita akaliimba bila kujua kwamba anajifunza teolojia.

Wimbo mwingine ambao Wajerumani hawawezi kumaliza Krismasi bila kuuimba ni O du fröhliche, wa Johannes Falk wa Weimar. Mwaka 1813, wakati majeshi yalipokuwa yakipita na maradhi yakifuata nyuma yao, Falk alipoteza watoto wake wanne kwa homa. Wakati huohuo vita vilikuwa vimejaza barabara watoto wasio na wazazi. Falk alifungua nyumba yake akawapokea. Miaka michache baadaye aliwaandikia wimbo, akaupa sauti iliyotoka Sicilia, ili mayatima wale wawe na kitu cha kufurahia. Furaha iliyomo katika wimbo ule aliiandika baba aliyekuwa ametoka makaburini.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Nyimbo za Krismasi tunazoimba kwa Kiswahili zimetujia kwa njia nyingi. Kitabu cha Tenzi za Rohoni wanakijua Wakristo wa madhehebu mengi hapa Kenya. Mwimbieni Bwana, kitabu cha Walutheri wa Tanzania, kimehifadhi hazina ya nyimbo za Kijerumani na za Skandinavia pamoja na za Kiafrika. Kwaya za KKKT, kanisa hilo la Kilutheri la Tanzania, kama ile ya Uinjilisti ya Kijitonyama, zimesikika katika matatu na nyumba za Nairobi kwa miaka mingi, hata kwa watu wasiojua kwamba ni za Kilutheri.

Lakini kuna ugumu ambao kila mwalimu wa kwaya anaujua. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Wimbo wa Kijerumani mara nyingi hushusha uzito wake kwenye silabi ya mwisho ya mstari. Ukiweka maneno ya Kiswahili juu ya sauti ile, neno linavutwa likazwe mahali pasipo pake, na mwimbaji anahisi kitu kinakwaruza hata kama hajui ni nini. Katika lugha kama Kikamba na Ekegusii, ambazo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, tatizo ni kubwa zaidi.

Hapa kuna jambo la kutia moyo. Kila mstari wa wimbo ule wa Luther una silabi nane, na kila ubeti una mistari minne. Hicho ndicho kipimo cha utenzi wetu wa pwani: mizani nane, vipande vinne. Washairi wa Pate na Lamu walikuwa wakitunga kwa kipimo hicho karne moja na zaidi kabla Krapf hajatia nanga, na Krapf mwenyewe alikusanya hati za tenzi hizo akazipeleka Ujerumani zihifadhiwe. Vina ni tofauti na mkazo ni tofauti, lakini kipimo ni kimoja. Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki wa Dodoma, alikwisha kuonyesha kwamba Injili yaweza kusimuliwa kwa mtindo huu alipotunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Utenzi wa Krismasi, wenye sauti iliyotungwa kwa mkazo wa Kiswahili, ukigawanywa kwa malaika, wachungaji na watoto, ungeendeleza alichokifanya Luther kwa njia iliyo yetu kabisa.

Pasaka imekwisha kupata wimbo wake. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi katika chuo cha teolojia cha Makumira, Tanzania, aliandika Mfurahini, Haleluya kwa sauti ya Kihaya. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Marekani, na watu ambao hawajawahi kuliona Ziwa Viktoria wanaimba ufufuo kwa mwendo wa Bukoba. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, alitumia miaka mingi kukusanya sauti za Kiafrika na kuzichapisha ziimbwe kanisani. Kama Makumira iliweza kwa Pasaka, Nairobi inaweza kwa Krismasi.

Majilio na siku kumi na mbili

Mwaka wa kanisa letu hauanzi Januari. Unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, na vitabu vya nyimbo vya Kilutheri kwa desturi hufunguliwa na nyimbo za majira hayo. Ni wakati wa zambarau madhabahuni, wakati wa toba na kungoja. Maduka makubwa ya Westlands huanza kupiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba, na ifikapo tarehe 25 masikio yameshiba. Majilio yanatufundisha kungoja, na kungoja ni sehemu ya imani.

Taji la Majilio, lenye mishumaa inayoongezeka kuwaka wiki hadi wiki, wengi wetu tunaliona kama pambo. Sikilizeni lilivyoanza. Johann Hinrich Wichern alikuwa Mlutheri wa Hamburg. Mwaka 1833 alifungua nyumba iliyoitwa Rauhes Haus kwa ajili ya watoto wa vitongoji maskini vya mji ule, watoto wa ombaomba na wa wizi mdogomdogo, ambao wengine waliwaona kuwa kazi ya polisi. Wakati wa Majilio watoto walikuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo myekundu 20 kwa siku za kawaida, na mikubwa myeupe minne kwa Jumapili. Kila siku waliwasha mmoja zaidi wakiimba na kusali. Mtoto ambaye hakujua kusoma kalenda aliweza kuona kwa macho yake kwamba ahadi inakaribia.

Gurudumu la mkokoteni! Nani anaijua mikokoteni kuliko Kawangware na Gikomba? Taji la Majilio lilitoka katika mazingira kama yale, mikononi mwa mtu aliyeishi na watoto ambao mji ulikuwa umewakatia tamaa. Usharika unaowasha mshumaa wa nne huku ukiwafukuza watoto wa mitaani langoni umeitenga desturi hii na mzizi wake.

Baada ya kungoja inakuja sikukuu, na sikukuu yetu haiishi jioni ya tarehe 25. Tarehe 26 ni ya Stefano, shahidi aliyepigwa mawe. Tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Tarehe 6 Januari ni Epifania, siku ya mamajusi waliotoka mbali. Johann Sebastian Bach alipotunga Oratorio yake ya Krismasi kwa makanisa ya Leipzig, aliigawa sehemu sita, zikaimbwa katika siku sita tofauti kuanzia tarehe 25 Desemba 1734 mpaka Epifania ya 1735, na sauti ya wimbo wa watoto wa Luther inasikika ndani yake mara tatu. Leipzig hiyohiyo ndiyo ambayo baadaye iliwatuma wamisionari wake Kilimanjaro na Ukambani.

Siku hizi za baada ya Krismasi zina uzito wa pekee hapa kwetu. Mtoto Yesu alikimbizwa usiku, akawa mkimbizi, na nchi iliyompokea ilikuwa ya Afrika, Misri. Nairobi imejaa watu waliokimbia usiku: kutoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia, Ethiopia. Shirikisho la Walutheri Duniani limehudumu katika kambi ya Kakuma tangu 1992, mwaka kambi hiyo ilipofunguliwa. Na wapo kati yetu ndugu wa kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia, ambao kalenda yao inaiweka Krismasi tarehe 7 Januari. Sisi tunapokunja vitambaa vyetu vyeupe, wao wanaanza kuimba. Ingekuwa heshima kubwa kama tungekwenda kuimba nao.

Nairobi wakati wa sikukuu

Wiki ya mwisho ya Desemba jiji hili hupungua watu. Stesheni ya mabasi ya Machakos hujaa mizigo, magodoro na kuku, nauli hupanda, na kila mwenye uwezo hukimbilia ushago. Hilo ni jema. Mtu huenda kuwaona wazazi, hubatiza mtoto katika usharika aliozaliwa, hula chapati na nyama na ukoo wake. Lakini kanisa la mjini limezoea kufikiri kwamba waumini wote wamesafiri, na kwa hiyo kwaya inavunjwa, shule ya Jumapili inafungwa, na ibada inafupishwa.

Hebu tuwahesabu wanaobaki. Anabaki asiye na nauli. Anabaki msichana wa kazi ambaye mwajiri amesafiri akamwachia nyumba. Anabaki bawabu. Anabaki mama muuza mboga wa Kangemi, kwa sababu sikukuu ndiyo siku ya mauzo. Anabaki mkimbizi, ambaye ushago wake uko ng'ambo ya vita. Anabaki mzee aliyezozana na ukoo juu ya shamba, hana tena pa kurudi. Wanabaki watoto wa mitaani, ambao siku hizo hata mabaki ya hoteli hupungua. Kwa ufupi, wanabaki wale ambao Injili ya Luka inawataja, na siku hiyohiyo sisi tunawafungia mlango.

Chukueni matatu ya namba 46 kutoka mjini kwenda Kawangware. Katika safari moja mnapita karibu na maghorofa ya Kilimani na bustani za Lavington, kisha mnashukia kwenye mitaa ya mabati. Kila alfajiri maelfu hutembea kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Lavington kupika, kufua, kulea na kulinda, na jioni hurudi. Wanajua majina ya watoto wa kule. Watu wa kule mara nyingi hawajui majina ya watoto wa wafanyakazi hao. Krismasi inayoadhimishwa mara mbili, moja upande huu wa barabara na nyingine upande ule, bila watu wake kukutana, haijafikia kile tunachokikiri katika Ungamo la Imani.

Je, si mambo ya Wazungu?

Najua kuna swali ambalo vijana wetu wanauliza, na ni haki yao: taji, mishumaa, mti, nyimbo za Wittenberg na Weimar, vinatuhusu nini? Jibu langu lina pande mbili. Mti wa Krismasi ni desturi njema ya Wajerumani, na hadithi kwamba Luther ndiye aliyeuanzisha haina ushahidi. Asiyeutaka auache, imani yake haipungui. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linasema wazi kwamba umoja wa kanisa haudai desturi za kibinadamu ziwe sawa kila mahali. Injili na sakramenti vinatosha. Kwa hiyo tuna uhuru wa kupamba kanisa kwa migomba, kupiga ngoma na kayamba, na kutunga sauti mpya.

Upande wa pili ni huu. Tukiyafuata mambo hayo hadi kwa watu walioyaanzisha, hatukuti fahari ya Ulaya. Tunamkuta baba anayefundisha wanawe, mfiwa anayekumbatia mayatima, kijana wa Hamburg aliyechagua kuishi na watoto waliokataliwa. Hayo hayana rangi. Tunachopaswa kuiga kwao ni tendo lao: kumtazama mtoto aliye mbele yao, na kumwimbia habari njema kwa kitu anachokijua.

Ombi

Namaliza kwa kuomba mambo manne, na nayaomba kwa sharika zote za Kilutheri za Nairobi, za KELC na za ELCK kwa pamoja, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa ni mmoja.

La kwanza, rudisheni wimbo kwa usharika. Kwaya zetu ni nzuri na tunazipenda, lakini Majilio haya kila ibada iwe na nyimbo mbili ambazo watu wote wanaziimba, beti zote, bila spika kuwafunika. Wafundisheni watoto wimbo mmoja wa Krismasi kwa moyo, na mwaka ujao mwingine. Mtoto akipata kipaimara akiwa na nyimbo kumi kichwani, amepata shule ambayo haitamfungia mlango.

La pili, tungeni. Wanakwaya na washairi wetu wakae pamoja na walimu wa Kiswahili, watunge utenzi wa Krismasi wa Nairobi, wenye bawabu na mama mboga ndani yake, uimbwe na watoto usiku wa mkesha. Ukiwa dhaifu, tutatunga mwingine.

La tatu, msifunge kanisa wakati wa sikukuu. Wekeni ibada moja saa ambayo mlinzi wa usiku anaweza kufika akitoka zamu, alfajiri ya Krismasi. Pikeni chai ya kutosha. Shikeni siku kumi na mbili mpaka Epifania, na tarehe 7 Januari nendeni mkawasalimu Waethiopia.

La nne, na ndilo kubwa, kila usharika uchague watoto wake. Wapo wanaolala karibu na lango lenu. Msiwape zawadi ya Desemba peke yake. Chukueni karo, chakula na ulezi wa mwaka mzima, mjue majina yao, na muwaweke mstari wa mbele wakati mshumaa wa Majilio unapowashwa. Wichern alianza na nyumba moja. Falk alianza na nyumba yake mwenyewe.

Jumapili ya kwanza ya Majilio iko karibu. Wazee wa usharika, kaeni kikao wiki hii mlipange jambo hili kabla hamjanunua mapambo.